Ua wa makumba usiolala masika

Ua wangu wa kwanza wa makumba, yaani majani ya mnazi yaliyosukwa, hapa Wete, Pemba, ulilala Aprili, katikati ya masika. Mimi niko uani nimekalia mbuzi nakuna nazi, kanga moja kifuani. Upepo ulipiga mara moja tu, upande mzima ukajilaza. Watu waliokuwa wakitoka sokoni walipita kimya, na kimya chao ndicho kilichonichoma.

Nilipozing'oa nguzo nikaona fundi alichimba shubiri mbili tu, na miguu ya miti imebaki ganda. Ndani mchwa washamaliza. Ua wa pili nikausimamia mwenyewe.

Kabla hujanunua mti hata mmoja, funga uzi kwenye mpaka, umwite jirani auone. Pakiwa na ubishi, aitwe sheha, mkuu wa mtaa, uzi ukiwa bado ni uzi. Njia ya watu iache. Urefu nao usiukisie: msimamishe mtu mrefu njiani, wewe simama pale unapofulia, akwambie anaona nini. Kwangu njia imeinuka kidogo, dhiraa nne (kila dhiraa ni shubiri mbili) hazikunisitiri, nikaongeza shubiri moja.

Miti ya mkandaa ndiyo migumu, lakini mikoko haikatwi ovyo. Bila kibali utanunua kesi. Mimi nilichukua mivinje ya kupandwa, ya dhiraa sita. Mvinje mchwa anaupenda, kwa hiyo kazi kubwa iko mguuni. Menya gome lote, uiache miti kivulini wiki mbili ikauke. Kisha washa moto wa vifuu na makumbi ya nazi, uugeuze mguu wa mti taratibu kama unayechoma muhogo, hadi uso uwe mweusi na uanze kupasuka vijipande. Kwaruza kwa kisu: mkaa uwe mwembamba, na chini yake mti mgumu. Mkaa ukinenepa kama kidole, umeshaula mti wako mwenyewe. Choma dhiraa mbili kutoka chini, maana shimo litameza dhiraa moja na nusu, na ile shubiri inayobaki ndiyo inayokaa pale udongo unapokutana na hewa. Mti huanza kuoza hapohapo.

Chimba Juni, ardhi ingali laini. Nguzo hadi nguzo pima moja, yaani dhiraa nne. Kwenye udongo wa kinongo mtaimbo hauna taabu. Ukiwa upande wa mawe, kama Micheweni, fuata nyufa za jiwe na nafasi zitapishana, basi. Mdogo wangu yuko Toronto, aliniambia kwao nguzo huzikwa mita 1.2, kwa kuwa ardhi ikiganda kwa baridi huisukuma nguzo juu. Nikamwambia sisi wetu ni mchwa na maji.

Kwa ajili ya hayo maji, tia vijiwe chini ya shimo, rudisha udongo kidogo kidogo, kila mara ushindilie kwa mchi mkuukuu. Juu acha udongo umeinuka kuizunguka nguzo, usiache kibonde.

Fito ziwe safu tatu, mbili mbili: moja ndani, moja nje, kumba libanwe katikati. Hapa anza chini kwenda juu, ili kumba la juu lilalie la chini na mvua iteleze. Nilimwona kijana akianza juu kwa sababu ndiko mkono wake ulikofika. Maji yote yakaingia ndani ya msuko. Kamba ya makumbi iloweke usiku kucha ilainike, la sivyo itakuchubua vidole na fundo halitakaza. Waya ni wa haraka, ila chumvi ya bahari huutafuna.

Kumba la chini lisiguse ardhi. Acha vidole vinne, upange mawe kuziba kuku. Mchwa akitaka kupanda atajenga kijia chake cha udongo juu ya jiwe, utakiona. Mimi hukikwangua kwa ufagio wa chelewa kila Ijumaa nikifagia ua.