Somo: Kulehemu bodi ya saketi bila kupoteza mali

Wanaoanza huniuliza kwanza bei ya lehemu, ile ambayo wengi tunaiita risasi. Naelewa, maana ndiyo inayoonekana ikiisha. Lakini pigeni hesabu. Rola la gramu 100, waya wa milimita 0.8, lina karibu mita 23. Mguu mmoja wa rizista, kile kipande kidogo chenye miguu miwili ya waya, hula milimita 3 hivi. Rola moja linatosha viungo zaidi ya 7,000. Hasara kubwa iko kwenye ncha za pasi ya kulehemu zilizoungua na shaba iliyobanduka kwenye bodi kwa kurudiwarudiwa moto.

1. Safisha. Shaba iliyofifia haishiki lehemu. Futa kwa spiriti. Ikiwa imefifia sana, sugua taratibu kwa kifutio cha penseli.

2. Washa pasi. Lehemu ya bati 63 kwa risasi 37 (hapa risasi ni madini yenyewe) huyeyuka kwenye nyuzi 183, lakini ncha iweke kati ya 320 na 350, kwa sababu shaba hunyonya joto mara tu unapoigusa.

3. Futa ncha kwenye sponji yenye unyevu, uipake lehemu kidogo hadi ing'ae.

4. Hapa ndipo kazi ilipo. Gusisha ncha kwenye mguu na kwenye shaba kwa wakati mmoja. Hesabu moja. Kisha peleka waya upande wa pili wa mguu, usiuweke juu ya ncha. Utaona lehemu ikitambaa ghafla na kuuzunguka mguu. Ondoa waya kwanza, pasi baadaye, na usitikise wala kupuliza mpaka igande. Yote sekunde 2 au 3.

Kiungo kizuri kina mteremko uliobonyea kidogo, na umbo la mguu linaonekana ndani yake. Ukiona tone la duara limekaa juu ya shaba, halijashika. Usiongeze lehemu! Weka fluksi, ile dawa inayosafisha shaba ili lehemu ishike, kisha rudisha joto.

Nawasihi muache kuyeyushia lehemu kwenye ncha na kuibeba hadi kwenye bodi. Ule moshi unaopanda njiani ndiyo fluksi iliyo ndani ya waya inakwisha kabla ya kufanya kazi.

5. Kata miguu iliyozidi, zima pasi kama unapumzika.

MASWALI

Fundi, waya mnene wa 1.2 naupata kwa bei nafuu. Niuchukue?
Kwa nyaya nene, sawa. Kwa bodi, hapana. Urefu uleule wa waya huo una lehemu mara mbili na robo ya ule wa 0.8, na mkono hauwezi kuupima. Utajaza viungo, viguse jirani, kisha ununue utepe wa shaba wa kufyonza ulichomwaga.

Mbona lehemu isiyo na risasi ni ghali hivyo?
Ile inayotumika sana ina bati asilimia 96.5, shaba 0.5 na fedha 3. Hiyo fedha ndiyo unayolipia. Ipo ya bati 99.3 na shaba 0.7, nafuu zaidi, ila huyeyuka kwenye 227, kwa hiyo ongeza joto. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki tarehe 1 Julai 2006, basi anayetengeneza vya kuuza huko hana budi. Wewe unayejifunza, anza na 63/37, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mwalimu, fluksi ya mafundi bomba inafaa?
Isiguse bodi yako kabisa. Ina asidi, inayobaki huendelea kula shaba hata baada ya kazi kwisha. Tumia ya rosini, yaani ya utomvu wa msonobari.

Ncha yangu imekuwa nyeusi, haishiki kitu. Nipige msasa?
Usipige, ndugu yangu. Ndani ni shaba, juu imefunikwa chuma chembamba. Msasa ukikiondoa, lehemu itaila shaba mpaka ncha itoboke. Punguza joto, chovya ncha kwenye fluksi, yeyusha lehemu mpya juu yake, ufute. Rudia mara tano, sita. Na jioni usiifute ya mwisho: iache na lehemu yake, uzime.