Jua Namba Yako Kabla ya Agosti: Mwongozo wa Kupiga Kura za Kongresi Minnesota

Mama mmoja aliingia kituoni kwetu Brooklyn Park saa mbili kasorobo usiku, Novemba 8, 2022, akiwa bado na sare ya kazi kutoka nyumba ya wazee. Mwaka 2020 alikuwa amepigia kura pale pale, na hakuwa amehama. Nikatafuta jina lake, halikuwepo. Kituo chake sasa kilikuwa kanisa moja maili mbili kutoka pale, maana mipaka ilikuwa imechorwa upya mwaka ule. Vituo hufungwa saa mbili. Nikamwandikia anwani kwenye kipande cha karatasi, nikamwambia, "Mama, kimbia. Ukiwa kwenye foleni saa mbili ikigonga, hawakufungii mlango." Alifika, akapiga kura yake. Lakini mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka alipopokea karatasi ile, sijaisahau.

Mimi ni Mkenya, nilipata uraia mwaka 2019, na siku za uchaguzi hufanya kazi ya jaji wa uchaguzi. Usitishwe na jina: si jaji wa mahakama, ni yule anayekupokea mezani na kukupa karatasi ya kura. Nayaandika haya kwa Waswahili wenzangu wa Minnesota, kwa sababu maswali ninayoulizwa kila mwaka ni yale yale.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Mtanzania akisema "jimbo" anamaanisha eneo la mbunge, na Mkenya eneo hilo huliita eneo bunge. Hapa jimbo ni Minnesota nzima. Eneo la mbunge wa Kongresi, yaani bunge la taifa la Washington, nitaliita wilaya, na Minnesota ina wilaya nane.

Kwa nini nane? Sensa ya 2020 ilihesabu watu 5,706,494 hapa. Gawanya kwa nane, kila wilaya inapata watu wapatao 713,312. Kiti cha nane kiliponea chupuchupu: New York ndiyo iliyopoteza kiti badala yetu, na ingekuwa na watu 89 zaidi katika hesabu ile, ingekibakiza. Watu 89! Hao wanaenea kwenye harusi moja ya nyumbani na viti vikabaki. Kwa hiyo mtu wa sensa akibisha hodi, mfungulie. Hata asiye raia huhesabiwa.

Baada ya sensa, ramani huchorwa upya. Kisheria hiyo ni kazi ya wabunge wa jimbo na gavana, lakini mwaka 2022, kama ilivyokuwa 2012 na 2002, vyama havikuelewana, na kazi ikafanywa na jopo la majaji watano. Walitoa ramani Februari 15, 2022. Hiyo ndiyo iliyomhamisha yule mama kituo bila yeye kuhamisha hata kiti sebuleni.

Sasa hatua yenyewe ya kwanza: tafuta namba zako tatu. Ya kwanza ni ya wilaya ya Kongresi, 1 hadi 8. Ya pili ni ya seneta wa jimbo, 1 hadi 67. Ya tatu ni hiyo hiyo ya pili ikiongezwa herufi A au B, ambayo ni ya mwakilishi wa jimbo. Kila eneo la seneta limekatwa mara mbili, ndiyo maana wawakilishi ni 134. Ingia tovuti ya Katibu wa Jimbo la Minnesota, ukurasa wa kutafuta kituo cha kura, uandike anwani yako kamili. Usitumie msimbo wa posta peke yake, kwa sababu msimbo mmoja unaweza kukatwa na mpaka. Wala usimuulize jirani. Mimi naishi Brooklyn Park, wilaya ya 3. Shemeji yangu yuko Crystal, mji tunaopakana nao, na yeye ni wa wilaya ya 5. Tunasali kanisa moja na tunanunua unga duka moja, ila wabunge wetu ni tofauti.

Kuchanganya namba hizi kuna gharama. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliposhinda kiti Novemba 2024, simu kutoka nyumbani hazikukatika: "Tumepata mtu wetu Kongresi!" Nilifurahi kama wao, lakini niliwasahihisha. Yeye alichaguliwa eneo la 38A, katika bunge la Minnesota linalokaa Saint Paul. Huyo ndiye wa kumwendea ukiwa na jambo la shule au leseni ya udereva. Ukiwa na faili ya uhamiaji iliyokwama, au pasipoti isiyofika, hiyo ni kazi ya ofisi ya mbunge wako wa Washington. Kila mbunge wa Kongresi ana wafanyakazi wa kushughulikia mambo hayo, na ni bure. Nimeona watu wakilipa mawakala mamia ya dola kwa barua ambayo ofisi hiyo ingeiandika bila malipo. Inaniuma.

Baada ya kupata namba, jua kinyang'anyiro cha wilaya yako kikoje, kwa sababu hazifanani. Chama cha Democratic hapa kinaitwa DFL, tangu kilipoungana na chama cha wakulima na wafanyakazi mwaka 1944. Ukiona herufi hizo kwenye karatasi ya kura usidhani ni chama cha tatu.

Wilaya ya 6 ya St. Cloud kwa Tom Emmer, ya 7 ya mashamba ya magharibi kwa Michelle Fischbach, na ya 8 ya Duluth na migodi ya chuma kwa Pete Stauber ni ngome za Republican kwa sasa. Nasema kwa sasa, maana ile ya 7 ilishikwa na Collin Peterson wa DFL kwa miaka 30, hadi alipoangushwa 2020. Ya 4, Saint Paul na vitongoji vyake, iko kwa Betty McCollum wa DFL tangu 2001. Yetu ya 3, yaani Bloomington, Plymouth, Maple Grove na sisi wa Brooklyn Park, ina Kelly Morrison, daktari wa akina mama, aliyeanza Januari 2025.

Ya 1 ni kusini: Rochester, Mankato, Austin. Brad Finstad wa Republican aliingia Agosti 2022 kwa uchaguzi mdogo, baada ya Jim Hagedorn kufariki akiwa madarakani. Huyo Hagedorn mwaka 2018 alishinda kwa kura zipatazo 1,300 katika wilaya nzima. Ndugu zangu wa Rochester mnaopishana kwenye zamu za hospitali, hesabuni wenyewe mko wangapi.

Ya 2 ndiyo ya kutazamwa 2026. Ni vitongoji vya kusini, Eagan, Burnsville, Lakeville na kuteremka. Angie Craig wa DFL amekuwa nayo tangu Januari 2019, na 2020 alipita kwa takriban asilimia mbili tu. Tina Smith, seneta wetu wa Washington (si wa jimbo), alipotangaza kwamba hatagombea tena, Craig aliamua kuwania kiti hicho cha Seneti, kwa hiyo kiti cha wilaya ya 2 kinabaki wazi. Kiti kisicho na mwenyewe ndicho ambacho wagombea huja kukitafuta hadi mlangoni pako. Wakija, waulize maswali yako yote.

Nimeiacha ya 5 makusudi, kwa sababu ndiyo inayoeleza jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Minneapolis na miji ya jirani ni DFL kiasi kwamba Novemba huwa ni kukamilisha tu. Uamuzi hufanyika kwenye mchujo, ambako wapiga kura humchagua mgombea wa kila chama, Jumanne ya pili ya Agosti. Mwaka 2022 Ilhan Omar, mbunge wa wilaya hiyo, alimshinda Don Samuels katika mchujo wa DFL kwa kura chini ya 2,500. Novemba yake alishinda kwa mbali sana. Aliyengoja Novemba, awe anampenda Omar au hampendi, alikuta mambo yamekwisha. Mwaka 2024 walikutana tena Agosti, na safari hiyo Omar alishinda kwa nafasi kubwa zaidi. Na si wilaya ya 5 pekee. Katika ngome yoyote, ya chama chochote, Agosti ndiyo yenye uzito.

Mchujo wa Minnesota una kanuni moja inayoharibu kura nyingi za watu wetu. Hujisajili kwa chama hapa, na hakuna anayekuuliza wewe ni wa nani. Karatasi moja ina safu za vyama vyote, wewe unachagua safu moja na kubaki humo. Ukimpa huyu wa DFL kiti hiki na yule wa Republican kiti kile, kura zako zote za vyama zinakataliwa. Kituoni mashine itakurudishia karatasi, na tutakupa nyingine. Ukipiga kwa posta hakuna mashine ya kukurudishia kitu, kwa hiyo soma mara mbili. Uchaguzi mkuu wa Novemba hauna sharti hilo, unaweza kuchanganya upendavyo.

Kabla ya Agosti kuna mikutano ya vyama ya mitaa mwezi Februari, inayofuatiwa na makongamano ya wilaya ambako chama humuidhinisha mgombea. Nilikwenda mara moja, tulikuwa watu kumi na wawili darasani, na nikatoka nimechaguliwa mjumbe kwa sababu tu niliinua mkono. Ni mlango ulio wazi. Anayenyimwa idhini bado anaweza kwenda kwenye mchujo, na wengine huenda.

Sasa la hatari. Kama bado una kadi ya kijani, usijisajili na usipige kura, hata mtu wa kampeni akikuambia ni sawa. Kupiga kura ya Kongresi bila uraia kunaweza kukuondoa nchi hii. Ukiletewa fomu ya usajili kwa makosa, usiitie sahihi. Unaweza kubeba mabango, kupiga simu za kampeni, kumpeleka mama yako kituoni. Karatasi ya kura ndiyo usiyoigusa. Kwa upande mwingine, kuna ndugu wanaodhani wamezuiwa na kumbe sivyo: tangu Juni 2023, mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa anaruhusiwa kupiga kura mara tu akiwa nje ya kifungo, hata kama bado yuko chini ya uangalizi.

Kwa raia wa miaka 18 aliyeishi Minnesota siku 20, usajili ni mwepesi. Usajili wa mapema hufungwa siku 21 kabla ya uchaguzi, lakini unaweza kujisajili siku yenyewe, pale pale kituoni. Njoo na leseni yenye anwani ya sasa. Kama leseni ina anwani ya zamani, ongeza bili ya karibuni ya umeme, simu au nyumba yenye jina lako. Kama huna lolote kati ya hayo, mpiga kura aliyesajiliwa katika kata yako, yaani eneo la kituo chako cha kura, anaweza kukuapia kwamba unaishi hapo, na anaruhusiwa kuwaapia watu hadi wanane. Aliyeapiwa hawezi kumwapia mwingine siku hiyo. Na ninyi mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee na makazi ya walemavu, sikieni: mfanyakazi wa makazi yaliyo katika kata hiyo anaweza kuwaapia wakazi anaowahudumia. Yule bibi unayemwogesha kila asubuhi, asiye na leseni wala bili, anaweza kupiga kura kwa kiapo chako.

Kuhusu kazi, sheria ya Minnesota inakupa ruhusa ya kutoka kwenda kupiga kura na kurudi bila kukatwa mshahara, mchujo ukiwemo. Mwambie bosi wako mapema. Kama zamu hazikuruhusu hata hivyo, kura ya mapema huanza siku 46 kabla, kwa posta au kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti.

Tarehe za 2026 ziandike sasa hivi: mchujo ni Agosti 11, na kura yake ya mapema inaanza Juni 26. Uchaguzi mkuu ni Novemba 3, kura ya mapema Septemba 18. Usajili wa mapema wa uchaguzi mkuu unafungwa Oktoba 13. Mimi nimezibandika kwenye mlango wa friji, chini ya namba zetu tatu na anwani ya kituo, na kila mwezi Julai naiangalia tena anwani hiyo kwenye tovuti, hata kama sijahama.