Somo: Kutia rangi resini ili ipate sura ya maji ya pwani

Kazi nyingi nzuri za ngalawa ndogo za mfano, zile za kuweka mezani, huharibiwa na maji yake ya kuigiza. Mtu kachonga mtumbwi, kafunga matengo (miti ya kando inayozuia ngalawa isipinduke), kashona tanga, halafu anamimina resini (kimiminika kinachoganda kama kioo kikitiwa kigumishi) ya buluu nzito isiyoonyesha kitu chini yake. Somo hili ni la maji ya mashariki ya Unguja, upande wa Paje na Jambiani, yale yaliyo kati ya ufuko na mwamba, ambapo chombo kimetia nanga na kivuli chake unakiona mchangani.

Tuanze na chanzo cha rangi yenyewe. Maji hunyonya mwanga mwekundu kabla ya buluu. Mchanga wa huko ni mweupe kwa kuwa ni vipande vya matumbawe na makombe, kwa hiyo mwanga hugonga chini na kurudi juu ukiwa umepungukiwa na wekundu. Penye maji haba utaona kijani chepesi, mbele kidogo samawati, na nje ya mwamba, kilindini, hakuna sakafu ya kurudisha mwanga na maji yanaiva buluu. Sasa wewe mezani huna mita za maji. Kwa skeli ya 1/24, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 24, kina cha mita mbili ni zaidi ya sentimita 8 za resini. Hiyo ni ghali, na ukiimimina yote kwa mkupuo itapata joto yenyewe mpaka ipasuke. Sentimita moja na nusu inatosha kabisa. Kina kilichobaki kitaletwa na brashi.

Hatua ya 1: Sakafu ya bahari

Hapa usiwe na haraka. Paka ubao rangi ya akriliki: krimu upande wa ufuko, kisha samawati iliyochanganywa na nyeupe nyingi, kisha buluu-kijani upande wa mwamba. Unganisha rangi zingali mbichi ili pasionekane mstari. Madoa ya majani ya bahari yagonge kwa kipande cha sponji, kijani cha kahawia, na kingo zake ziachie zimechanikachanika. Kivuli cha ngalawa nacho kipake: chini ya mtumbwi na kila tengo, rangi ileile ya sakafu iliyotiwa giza kidogo, ikisogea upande mmoja kama jua la asubuhi linavyokilaza. Resini yako ni nyembamba, kivuli halisi cha mezani kitajificha chini ya chombo. Hicho cha kupaka ndicho kitakachofanya ngalawa ielee.

Ukitumia mchanga halisi, uoshe kwa maji baridi utoke chumvi, uanike ukauke kabisa, uchekeche kwa kitambaa chepesi, halafu uugandishe kwa gundi ya mbao. Unyevu uliobaki utakuja juu kama mapovu au ukungu. Vikikauka vyote, paka resini tupu kwa brashi, koti jembamba, juu ya sakafu na kwenye mbao za chombo. Mbao isiyozibwa hupumua hewa ndani ya resini.

Hatua ya 2: Kuta

Zungushia ubao vipande vya plastiki ngumu vilivyofungwa mkanda wa kufungashia upande wa ndani, kwa sababu resini haishiki kwenye mkanda ule. Ziba pembe kwa silikoni, kisha mulika tochi kwa nje. Penye upenyo wa mwanga, resini itapita.

Hatua ya 3: Rangi

Tumia rangi angavu, inayopitisha mwanga: wino wa spiriti, rangi maalumu za resini, au zile za Tamiya, kampuni ya vifaa vya mifano, ambazo wengi wetu tunazo, X-23 ya buluu, X-25 ya kijani na X-19 ya moshi. Rangi za shule zinazoyeyushwa kwa maji ziache, zinatia ukungu na zinaweza kuzuia resini isikauke.

Rangi inatiwa kwenye resini kabla ya kigumishi, tena kwa mara moja kwa matabaka yote. Ukichanganya upya kila tabaka hutapata rangi ileile. Tuseme ubao una sentimita 30 kwa 20, na kila tabaka ni nusu sentimita: 30 × 20 × 0.5 ni mililita 300. Kama chupa zinasema mbili kwa moja kwa ujazo, hiyo ni resini 200 na kigumishi 100. Matabaka matatu yanataka resini 600. Tia rangi kwenye mililita 300 tu za resini hiyo, na 300 nyingine zibaki tupu.

Jaribio lifanyie kwenye kizibo cha soda, kimo chake kinakaribia unene wa tabaka lenyewe. Ndani yake paka rangi ya sakafu. Kwenye kikombe pima resini mililita 10 kwa sindano ya duka la dawa, tia tone moja la buluu, koroga, jaza kizibo, tazama kutoka juu. Kisha tone la kijani. Ukiona ndani ya kizibo rangi imekaa sawasawa na unavyotaka, ujue imezidi, maana tabaka la pili litaongeza juu yake. Kwenye kizibo inatakiwa iwe hafifu kiasi cha kukutia shaka. Hesabu matone, zidisha mara 30.

Hatua ya 4: Kumimina

Tabaka la kwanza ni resini ya rangi, mililita 200. La pili, 100 za rangi na 100 tupu. La juu, tupu. Hivyo jicho linapita kwenye uangavu kwanza ndipo likutane na rangi, kama baharini.

Vaa glavu za nitrili na fungua madirisha. Epoksi, ambayo ndiyo resini ya somo hili, ikizoea kugusa ngozi huleta mzio ambao hauondoki. Koroga pole pole dakika kadhaa ukikwangua kuta za kikombe. Joto la pwani hufupisha muda wa kufanya kazi, kwa hiyo siku ya jua kali tafuta saa za asubuhi, na siku ya mvua ahirisha. Mapovu yapitishie moto wa kiberiti cha gesi juu juu, usitulie mahali pamoja. Tabaka linalofuata limimine lile la chini likiwa bado linanata kidogo. Likishakauka kabisa, piga msasa na ufute vumbi kwanza. Mabaki yasiachwe mengi kikombeni, yanaweza kuchemka mpaka yatoe moshi.

Hatua ya 5: Viwimbi

Jeli angavu ya akriliki, ukiigonga kwa brashi. Nyeupe kidogo penye povu. Basi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Tanga:* Shikamoo fundi. Resini ya mafundi wa boti za faiba inafaa?

Marahaba. Inafaa, ila ni polista, siyo epoksi. Harufu yake ni kali, fanyia nje. Kichocheo chake, kinachoigandisha badala ya kigumishi, ni asilimia 1 hadi 2 tu, na inakula styrofoam, kwa hiyo kama msingi wako ni huo, uzibe kabisa kwanza. Nyingi zina rangi yake kidogo tangu koponi, basi jaribio la kizibo ni la lazima.

*Mwanachama, Mwanza:* Ziwa letu halina samawati hiyo. Nifanyeje?

Sakafu ipake kijani cha zeituni kilichoiva, usihangaike na mchanga. Kwenye resini tia kijani na moshi, halafu rangi ya mafuta ya kahawia kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Hiyo haipitishi mwanga, ndiyo itakayoleta utusitusi. Tabaka moja la rangi linatosha.

*Mwanachama, Mombasa:* Yangu imekauka lakini juu ina utando wa mafuta.

Ni unyevu wa hewa umekutana na kigumishi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sponji, kausha, piga msasa laini, mimina tabaka jembamba tupu. Rangi ya chini haijaguswa.

*Mwanachama, Maskati:* Nimetengeneza sambuku (aina ya jahazi), baada ya muda bahari imegeuka kijani. Rangi imeoza?

Rangi ni nzima, resini ndiyo imepata manjano kwa jua, na manjano juu ya buluu ni kijani. Nunua epoksi iliyotiwa kinga ya miale ya jua, na kazi iondoe karibu na dirisha. Kioo cha kawaida hakizuii miale yote.