Jaribu menyu ya LUKU kwa kadi kabla ya kuandika programu

Kama unataka kujua iwapo usanifu unaomzingatia mtumiaji ni kazi itakayokukolea, kozi zingoje kwanza. Chukua huduma moja, mfano kununua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, kwa simu ya kitochi, uijaribu kwa karatasi.

Kata kadi 8 hivi za ukubwa wa kiganja, kila moja iwe skrini moja: menyu kuu, malipo, namba ya mita, kiasi, namba ya siri, ujumbe wa mwisho. Skrini ya USSD, yaani menyu za simu zinazofunguka kwa kupiga namba zenye nyota na reli, haibebi zaidi ya herufi 182, kwa hiyo hesabu, nafasi zikiwemo. Usisahau kadi ya “namba si sahihi”. Wengi huiruka, na ndiyo mtumiaji anayokutana nayo akiwa gizani.

Tafuta watu 5, umjaribu kila mmoja peke yake. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alipendekeza idadi hiyo mwaka 2000. Ukizidisha, unaanza kuona makosa yale yale. Wenzako wa ofisini usiwatumie, menyu wanaijua.

Mpe kazi, usimpe njia: “Mama, umeme umekatika, una shilingi 5,000. Nunua.” Ukisema “ingia kwenye malipo” umeshampa jibu. Aguse kadi, wewe weka inayofuata, naye aseme anachowaza. Kisha nyamaza. Hapa ndipo jaribio huharibika: mtu akikwama kidogo tu, kidole chako kinataka kumwonyesha. Akiuliza “nibonyeze wapi?”, mrudishie: “Wewe ungebonyeza wapi?” Andika neno lake kama lilivyo. Akitafuta “umeme” na kadi inasema “huduma nyinginezo”, iliyokosea ni kadi.

Namba ya umeme, ile unayotumiwa baada ya kulipa ili uiingize kwenye mita, ina tarakimu 20. Iandike mara mbili: mfululizo, halafu nne nne. Mmoja asome, mwingine aibonyeze, kama inavyofanyika nyumbani mita ikiwa nje. Kwenye mfululizo, msomaji hushikilia nafasi kwa kidole, na palipo na 000 ndipo sifuri moja hupotea. Zikigawanywa nne nne, anasoma kundi, anangoja “ehe”, anaendelea.

Kila mtu alipokwama, tia nukta nyekundu kwenye kadi. Yenye nukta 3 iandike upya kwanza. Ukijikuta unakata kadi mpya usiku huo huo, chakula kinapoa mezani, jibu lako umelipata. Ukijikuta unalalamika kwamba watu hawaelewi, pia umelipata.