Msingi wa ghala: anza kupima upande wa mlimani

Aprili mama mmoja wa huku Rungwe aliniita nikamwonee mahindi. Ghala lake la tofali za kuchoma halikuwa limemaliza hata mwaka. Mlango umeinuliwa ngazi tatu. Ukilitazama kutoka njiani unasema huyu kajenga. Ndani, magunia ya ukuta wa nyuma yalikuwa yameganda sakafuni. Tulipovuta moja lilichanika, na chini yake punje zilikuwa zimetoa mizizi myeupe. Mlangoni hayakupita hata tone. Maji yalipenya ukuta wa nyuma, ule wa mlimani, ambako sakafu imelala chini ya udongo wa nje.

Kosa hili nalikuta kila mwaka. Fundi anasimama bondeni, kwenye mlango, anapima sentimita 45, anafunga kamba, kazi inaanza. Haya, tupige hesabu. Ghala la mita 6 limefuata mteremko, na ardhi inashuka sentimita 10 kila mita. Kati ya juu na chini kuna tofauti ya sentimita 60. Kwa hiyo 45 zako za mbele ni sakafu iliyozama sentimita 15 huko nyuma. Hilo si ghala, ni birika, tena umelijenga kwa saruji yako mwenyewe.

Tafuta kona ambayo ardhi yake iko juu kuliko zote. Uso wa sakafu, yaani pale mguu unapokanyaga, uwe sentimita 30 juu ya ardhi ya kona hiyo. Usipunguze: maji ya paa yakigonga chini yanarusha tope, na ule mstari mwekundu kwenye kuta za kijijini mnauona wenyewe. Kisha hamishia alama hiyo kwenye mambo, yaani vigingi, za kona zote kwa mpira wa maji, ule mrija angavu uliojaa maji ambao maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja, na uhakikishe hauna povu hata moja. Habari ya "fundi wetu ana jicho" msiniletee. Jicho ndilo lililootesha mahindi ya yule mama.

Utasema kona ya chini sasa inafika sentimita 90, na lori la mawe ni ghali. Kweli. Basi geuza ghala. Kama ni mita 6 kwa 3, ule urefu wa mita 6 ukatize mteremko. Tofauti inabaki sentimita 30, na kona ya chini inakuwa 60. Watu hawapendi kwa kuwa mlango hautazami njia. Mahindi hayapokei wageni.

Anayekata mlima aache mita 1 kati ya ukingo na ukuta, achimbe humo mtaro wa kina cha sentimita 30 unaotokea pembeni, na zile 30 za sakafu azipime kutoka ardhi ya nafasi hiyo. Udongo wa mtaro peleka mbali! Wapo waliopima vizuri Septemba, kufika Januari wamerundika udongo na majani ya migomba ukutani mpaka 30 zimebaki 10.

Mvua zetu huanza Novemba, kwa hiyo msingi uanze Agosti. Kifusi cha kujaza ndani ya msingi kishindiliwe kila tabaka la sentimita 15. Kikimwagwa chote siku moja kitatitia na sakafu itapasuka. Tandika nailoni nzito chini ya zege, na nyingine juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta. Jamvi, yaani zege la sakafu, liwe limemwagwa kabla ya katikati ya Oktoba, kisha limwagiliwe siku 7. Mwezi Mei ukikuta vumbi kavu chini ya gunia, umefaulu.

Aliyekwisha kujenga chini asibomoe. Achimbe mtaro upande wa juu wiki hii, aondoe udongo wote ulioegemea ukuta, na magunia ayapandishe juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani. Yale yaliyoota ukungu msiwape hata kuku. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inaua kuku pia.