Unazeeka na mnara bado umesimama: kuupanda, kuutunza, na kujiandaa kuacha kuupanda

Hii naiandika kwa wazee wenzangu wa redio ya ridhaa (sisi tunaoongea na watu wa mbali kwa redio zetu binafsi, bila biashara) hapa Mwanza na kandokando ya ziwa, kuanzia Bwiru mpaka Nyegezi, na wale wa Musoma na Bukoba wenye nguzo ya antena nyuma ya nyumba na miaka imeshasogea. Wakubwa zangu shikamooni. Neno langu ni moja na mengine yote yanalifuata hilo: zile kazi za kukufanya usipande tena mnara zinafanyikia huko huko juu ya mnara, kwa hiyo zifanye sasa ukiwa bado unaweza kupanda, usisubiri goti likatae ndo uanze kutafuta mtu wa kukufungia kapi.

Watu wanauliza mwisho ni miaka mingapi. Hamna namba. Nimeona mzee wa miaka sabini anapanda taratibu anamaliza kazi anashuka salama, na nimeona wa hamsini ambaye mimi nisingemruhusu hata ngazi ya kupakia rangi. Pima mwili hapo chini kwanza. Vaa hanesi yako (mikanda ya usalama ya kupandia), panda mita mbili tatu tu, funga ndoano, egemea, afu fanya kazi na mikono yote miwili juu ya kichwa robo saa nzima, kaza nati fungua nati, ndo ushuke. Kama mapaja yanatetemeka, au bega linauma usiku ule, au vidole vinashindwa kuminya koleo, basi huko juu kwenye mita kumi na tano hali itakua mbaya zaidi maana umeshachoka na kupanda. Na kushuka ndo kunaumiza magoti kuliko kupanda, wengi wanasahau hilo, wanatumia nguvu zote kwenda juu wanabaki hawana za kurudia. Jipime hivo kila kabla ya msimu wa kazi, matokeo ya mwaka jana hayakuhusu.

Suala la dawa nalisema kwa uzito. Wengi wetu tuko kwenye dawa za presha, na zipo ambazo zinakukojoza sana, unapungukiwa maji, afu jua la Mwanza linakupiga mgongoni, ukiinua kichwa ghafla kizunguzungu. Wenye sukari wanaweza kushuka sukari wakiwa juu bila kujua, unaanza kutoka jasho na mikono inatetemeka unadhani ni uchovu wa kawaida. Wenye dawa za kuzuia damu kuganda, kugongwa kidogo tu na bomba kunaweza kuvujisha damu sana ndani kwa ndani. Muulize daktari wako swali lililo wazi: "nataka kupanda nguzo mita kumi na tano, dawa hizi zinaruhusu?" usimuulize tu kama uko fiti. Na miwani ile ya lenzi mbili, ya kusomea chini na ya mbali juu, ukitazama miguu yako unaona ukungu na hujui umekanyaga wapi, kwa hiyo tengenezesha miwani ya kupandia ya lenzi moja na uifunge kamba nyuma.

Vifaa. Ule mkanda wa kiunoni peke yake wa zamani uweke pembeni, ukidondoka nao unakukunja mgongo au unachomoka. Unatakiwa hanesi ya mwili mzima, mabega, kifua na mapaja, pamoja na kamba mbili zenye ndoano na kile kifurushi cha kupunguza mshtuko, unafunga moja ndo unafungua nyingine, hakuna hata sekunde moja unayokua hujafungwa, iwe unapanda, unashuka au unazunguka stei (zile nyaya za kushikilia mnara). Ndoano ifunge juu ya usawa wa kichwa chako, kwa sababu kile kifurushi kinarefuka kikifyatuka na ukiwa chini chini unaweza kugonga ardhi kabla hakijakushika. Hanesi za mitumba naziogopa, hujui iliwahi kumdaka mtu au la, na iliyowahi kumdaka mtu inatupwa hata kama inaonekana nzima. Kagua nyuzi za mishono, soma lebo ya tarehe, jua linakula zile kamba polepole na macho hayaoni. Mwenye kudhani mita kumi na mbili ni kidogo apige hesabu: ni sekunde moja na nusu tu mpaka chini, na unafika na spidi ya kama kilomita 55 kwa saa.

Muda wa kupanda huku kwetu ni asubuhi, umande ukishakauka kwenye chuma, uwe umeshuka kabla ya saa nne au saa tano, maana mchana upepo wa ziwani unaingia na jua linakua kali. Miezi ya Juni mpaka Agosti ndo ya kazi nzito. Masika na vuli acha kabisa kazi kubwa. Ziwa letu ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, usiku mawingu yanajijenga juu ya maji na ikifika alfajiri unaweza kukuta ngurumo bado iko upande wa Ukerewe, sasa ukisikia ngurumo hata kwa mbali hupandi, na kama uko juu unashuka, spana acha huko huko. Angalia pia nyuki na viota vya mwewe kwa darubini kabla hujavaa chochote, mzee akivamiwa na nyuki kwenye mita kumi hana pa kukimbilia. Siku wale wadudu wa ziwani wametanda kama moshi, ahirisha, wanaingia puani na machoni na mikono yako ina kazi nyingine.

Kabla mguu haujaacha ardhi zima redio zote, chomoa waya wa umeme wa redio na rota (mota ya kuzungushia antena), na funguo ya chumba au fyuzi iwe mfukoni mwako, asije mjukuu akabonyeza kitu. Nyaya za TANESCO ziangalie upya kila mara, labda mwaka huu jirani kavutiwa laini mpya inayopita karibu.

Halafu usipande peke yako. Na ninaposema usiwe peke yako simaanishi mtu wa kukushikia simu. Anatakiwa mtu wa pili mwenye hanesi yake anayeweza kupanda kukufata, kwa sababu mtu akining'inia kwenye hanesi bila kusogeza miguu damu inajikusanya miguuni na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, waite, lakini jiulize ukweli, kama nyumba yako iko kule juu ya mawe Isamilo au Mabatini, njia ni ya miguu katikati ya majabali, lile gari la ngazi linafikaje? Kwa hiyo uokoaji wa kwanza ni wenu nyinyi, ujadiliwe chini, kamba ya kushushia mtu iwe imeshatandazwa. Wa chini wote wavae helmeti na wasisimame chini ya mnara, spana ikidondoka haichagui.

Sasa utunzaji, na hapa kuna habari njema, sehemu kubwa ya ukaguzi hauhitaji kupanda hata kidogo. Darubini nzuri au kamera ya simu yenye zumu inakuonyesha bolti iliyochungulia, tepu iliyobanduka kwenye kiungo cha koaksi (waya unaotoka redio kwenda antena), elementi ya antena iliyopinda. Fanya hivo kila mwezi, na kila baada ya dhoruba. Ukiona koaksi imeanza kusoma vibaya kwenye mita usikimbilie kupanda, anza na kiungo cha chini, mara nyingi maji yameingia hapo kwa sababu waya haukuachiwa kitanzi cha kudondoshea maji kabla ya kuingia ndani ya nyumba.

Mnara unashikwa na stei, na stei ziko ardhini, kwa hiyo mzee hana kisingizio hapa. Fukua kidogo pale chuma kinapoingia kwenye udongo au zege, kutu inapenda kula hapo hapo ambapo huoni. Zile klipu za waya ziwe angalau tatu kila mwisho na zikae upande sahihi: kile kitandiko kikae kwenye waya unaobeba mzigo, ule uta wenye umbo la U ukae kwenye mkia, wengi wanageuza na waya unaumia. Kile kifaa cha kukazia kipitishiwe waya wa kufunga kisijifungue chenyewe na upepo. Kukaza kwenyewe usikaze mpaka nguzo ilie, kawaida ni kama asilimia 10 ya uzito unaokata waya, mfano waya wa chuma kigumu wa inchi 3/16 unakatika kwenye kilo 1,800 hivi, unakazwa kilo 180 hivi na pande zote tatu zilingane. Na usibadilishe stei mtu akiwa juu, kamwe, na hata akiwa chini weka ya muda kwanza.

Minara yetu mingi imechomelewa mtaani kwa bomba za gavanaizi, na pale fundi alipochomelea ile zinki imeungua, kutu inaanzia hapo. Sugua na brashi ya waya, paka rangi yenye zinki. Bomba za miguu ni tupu ndani, hakikisha tundu la kutolea maji pale chini halijazibwa na zege wala nyumba ya nyigu, gonga na nyundo ndogo kuanzia chini mpaka unapofikia, sauti ikibadilika ikawa ya kufa basi bomba limeliwa kutokea ndani na mnara huo haupandwi na mtu yeyote, mzee wala kijana.

Athi (njia ya kupeleka radi ardhini) ni tatizo letu la kudumu sababu ya mawe. Huwezi kupigilia rodi kwenye granaiti. Tandaza utepe au waya mnene wa shaba juu ya mwamba kwenda pande kadhaa mpaka kwenye mifuko ya udongo, pigilia rodi huko, afu unganisha zote pamoja na athi ya nyumba, zisikae mbalimbali. Kila mwaka kaza viungo.

Nirudi kwenye lile la mwanzo, yaani kazi za kufanya ukiwa bado na nguvu. Ya kwanza na ya bei ndogo kuliko zote ni kapi kule juu lenye kamba ya duara inayofika chini, ili antena ya waya uishushe na kuipandisha umesimama kwenye majani. Kamba ile ya bluu rahisi ya plastiki jua linaimaliza haraka, nailoni inavutika sana, tafuta ya poliesta, waulize wauza vifaa vya mitumbwi pale Mwaloni Kirumba wanazijua, na funga kapi la akiba pembeni na kamba nyembamba ndani yake kwa siku la kwanza likikwama. Ya pili, bawaba pale chini ili mnara ulale. Nguzo ya mita tisa kumi inalazwa na winchi ya mkono na watu watatu, na ukishaweza kuulaza kila kazi inakua ya kwenye kiti, rangi, koaksi, kila kitu. Kwenye ile ya vipande vinavyoingiana na kuvutwa kwa winchi, usiipande ikiwa imenyanyuliwa, ule waya ukikatika vipande vinashuka na kukata miguu na mikono. Ya tatu, rota ishushe, iweke chini na bomba refu lizunguke kuanzia huko, maana rota ndo inayoharibika na ndo nzito.

Na ukubali kupunguza. Yagi kubwa (antena ya vijiti vingi inayolenga upande mmoja) inapendeza, lakini kwa masafa ya megahezi 14 waya wa mita 10 tu uliokatwa katikati, ukiuning'iniza mita 10 kutoka ardhini, unafanya kazi ya kweli, na kwa megahezi 7 ni mita 20 za waya. Tuko 5H (alama ya redio ya Tanzania) karibu kabisa na ikweta, na wengi wa mbali wanatutafuta sisi kwa sababu tuko wachache.

Ukifika wakati wa kumwita kijana, tafuta wale wanaopanda minara ya simu, sio fundi antena wa TV mwenye ndala. Aje na hanesi yake, umuulize amefundishwa wapi kazi za juu, na umlipe vizuri bila kumpunja, anabeba hatari yako. Wewe kaa chini na orodha, kazi zote za juu za mwaka mzipange kwenye mpando mmoja, umpandishie vifaa kwa kamba kwenye ndoo mikono yake ibaki huru. Asikuite "babu njoo uonyeshe" ukajikuta unapanda, elekeza kwa picha ulizopiga zamani.

Kwa hiyo piga hizo picha sasa. Kila kiungo, kila saizi ya bolti, waya gani unaenda rota na rangi zake, urefu wa kila stei, tarehe ya kila ulichobadilisha. Chapisha, weka kwenye bahasha pamoja na leseni yako ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), na mke au watoto wajue ilipo. Waandikie humo pia utaratibu wa kuushusha mnara, kwamba antena inatoka kwanza, kisha kipande cha juu kabisa, stei za kiwango cha chini hazifunguliwi mpaka vilivyo juu yake viwe vimeshashushwa, na kwamba mtu wa vyuma chakavu asiruhusiwe kuukata chini ukiwa umesimama.