Kwa nini hamira ya ukoo mmoja haifi yote kwa mpigo: jaribio la kufanya shuleni

Mimi ni fundi wa maabara kwenye sekondari moja huku Temeke, na kidato cha sita hawaniachi na swali hili: seli zenye vinasaba vilevile, zikipigwa na joto lilelile, mbona nyingine zinakufa na nyingine zinadunda? Wengi hukimbilia kujibu "mabadiliko ya jeni". Mara nyingi siyo, na unaweza kulithibitisha hilo kwa hamira, hadubini na chupa ya chai.

Ukitaka kumnyamazisha mwanafunzi mbishi, usitumie hamira moja kwa moja kutoka kwenye pakiti. Ipake kwenye agari (rojo lililoganda la kuoteshea vijidudu), kisha chota koloni moja tu, yaani kitone kimoja cha seli zilizoota pamoja, maana koloni limetokana na seli moja. Chemsha viazi mviringo, chuja maji yake, tia sukari kidogo, yakipoa weka hilo koloni lilale humo hadi kesho. Inkubeta ya nini, na maabara zetu Dar zenyewe ni tanuri? Asubuhi hamishia kidogo kwenye maji mapya ya viazi, usubiri saa mbili au tatu. Hatua hii usiiruke: hamira iliyomaliza chakula huvumilia joto kuliko inayokua, utakuja kulinganisha visivyolingana.

Gawa kwenye testi tyubu mbili. Moja ibaki mezani. Nyingine itumbukize kwenye chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 50, themomita ikiwa humo humo, kwa dakika 5. Unatafuta joto linaloua karibu nusu, kwa hiyo pandisha au shusha nyuzi moja moja mpaka ulipate. Zikifa zote au zikipona zote, hakuna cha kuhesabu.

Ziache nusu saa zipumue, kwa sababu seli iliyoumia sana huweza kujifanya nzima kwa muda. Kisha tone la hamira, tone la methilini bluu ya asilimia 0.01, funika, weka kwenye ukuzaji wa mara 400. Seli hai huiondolea rangi hiyo ubluu wake, kwa hiyo utaiona haina rangi. Iliyokufa hubaki bluu. Hapa watulize wanafunzi watazame. Utakuta seli ya bluu tii imegusana na nyingine angavu kabisa, pengine yenye chipukizi begani, yaani seli changa inayochomoza. Mama mmoja, maji yaleyale, dakika zilezile. Hesabu seli 200 au zaidi bila kuchelewa, maana rangi yenyewe ni sumu, na andika pia zipi zina chipukizi.

Sasa sababu. Ndani ya seli vitu vingi muhimu ni vichache mno. Kwenye bakteria wa E. koli, protini inayofunga jeni za kutumia sukari ya maziwa huwa kama 10 tu kwa seli. Wagawie watoto wawili maharage 10 gizani: mara tano kwa tano, mara saba kwa tatu. Seli ikigawanyika ndivyo watoto wake wanavyorithi. Isitoshe, jeni hufanya kazi kwa kushtukizashtukiza. Mwaka 2002 Michael Elowitz na wenzake waliweka ndani ya bakteria jeni mbili za protini zinazong'aa, kila moja na rangi yake, zote zikiwashwa na swichi ya aina moja. Hata ndani ya seli moja rangi hizo hazikulingana.

Kwa hamira yenyewe, Sasha Levy, Naomi Ziv na Mark Siegal walionyesha mwaka 2012 kwamba seli zinazokua polepole huwa kwa wingi na Tsl1, protini inayosaidia kutengeneza sukari ya kuikinga seli, na ndizo zinazohimili joto zaidi. Ndiyo maana nimesema uandike machipukizi: chipukizi ni dalili kwamba seli inakua.

Mbishi bado atasema zilizopona zina jeni bora. Vizuri, basi zioteshe usiku kucha kwenye maji mapya, hamisha asubuhi kama mwanzo, pasha tena kwa joto lilelile. Kama ni jeni, safari hii zitapona karibu zote. Kama siyo, zitakufa karibu nusu tena. Mtafiti Joseph Bigger aliliona jambo la aina hii kwa penisilini mwaka 1944: bakteria wachache walipona, lakini uzao wao uliuawa na dawa kama kawaida. Bakteria wanaojibanza namna hiyo ni sehemu ya sababu dozi ya kawaida ya TB huenda miezi 6, kwa hiyo wanafunzi wenye mgonjwa nyumbani hulielewa somo hili upesi.

Jambo la mwisho: anayehesabu asijue testi tyubu ipi ilipashwa. Zipe testi tyubu namba za siri, utunze karatasi ya namba hizo wewe. Mwanafunzi anayejua jibu huona bluu hata pasipo na bluu.